Kibogoyo

Husemwa sheria ni msumeno,
hukata mbele, hukata nyuma.
Sijamsikia aulizaye nani huuchonga meno.
Ni mimi. Nakaa Douglas, ghorofa ya pili,
dirisha langu laiona bandari na mvua,
na kazi yangu ni kuandika miswada ya watu wengine.

Julai ile Voirrey Skillicorn wa Foxdale
alikanyaga matete yaliyotandazwa njiani
hadi chini ya kilima cha ngazi nne,
pale ambapo yeyote wa kisiwa hiki cha Man
anaruhusiwa, siku moja kwa mwaka,
kuliwekea Bunge lalamiko lake miguuni.
Karatasi yake ilikuwa na mistari mitano:
mbwa wake, Fannag, ametumbukia
katika shimo la mgodi wa risasi uliokufa
kabla bibi yake hajazaliwa.
Alibweka siku mbili. Ya tatu hakubweka.
Mashimo yafunikwe.

Watu walicheka. Sheria ya mbwa?
Lakini Illiam Mylchreest wa Baraza la Funguo,
mwenye sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta,
aliiokota karatasi, akaniletea.
Nikaandika:
*Itampasa mwenye ardhi kufunika kila shimo.*
Maneno sita. Nikalala vizuri.

Mara ya kwanza husomwa jina tu,
kama mtoto anayeitwa darasani:
Mswada wa Mashimo. Upo? Upo. Kaa.
Mara ya pili huulizwa kama unastahili kuishi,
na hapo kila mtu hukumbuka mbwa aliyewahi kumfuga.
Kisha vifungu, kimoja kimoja,
taratibu, kama atoaye miiba ya samaki.

Mheshimiwa Faragher, mwenye kondoo mia nane
na mashimo kumi na moja,
alisimama kwenye kifungu cha tatu.
Hakupinga. Mungu amwepushe na kupinga!
Aliomba neno moja tu, dogo:
penye "itampasa", pasomeke "anaweza".

Wanaoafiki?
Kumi na wawili.
Wasioafiki?
Kumi na mmoja.
Mmoja alikuwa kwa daktari wa meno.

Hivyo mara ya tatu ukapita, mswada wangu,
umevaa vizuri, umechana nywele,
kibogoyo.

Ukapanda Baraza la Juu. Huko hawana haraka.
Bi Quilliam, miwani puani, aliusoma hadi kifungu cha tatu,
akaweka kalamu chini.
"Anaweza? Hata leo anaweza.
Nani amemkataza?"
Nilikuwa nyuma, kwenye viti vya makarani,
ambako kupiga makofi ni marufuku.
Nilikunja vidole ndani ya mfuko wa koti.

Ukarudi chini. Ukapanda tena.
Mengine hayamo katika kumbukumbu rasmi:
chai iliyopoa ukumbini, biskuti,
Mylchreest amemshika Faragher kiwiko,
nusu ya gharama itoke serikalini,
na "itampasa" irudi, lakini irudi na mkia:
*ndani ya miaka saba.*
Nikaandika mkia. Mimi huandika mikia pia.

Ridhaa ya Mfalme ikaja. Julai ikaja,
na matete mapya, na pakanga vifuani,
na jaji juu ya kilima akausoma mswada
kwa Kimanx, kisha kwa Kiingereza,
sentensi mbili, basi, zamu ya mwingine.
Voirrey alikuwa amesimama karibu nami.
"Ndiyo hiyo?"
"Ndiyo hiyo."
"Mbwa hamkumtaja."
"Sheria haitaji mbwa."

Jioni alinipeleka juu, nyuma ya zizi lake.
Shimo lilikuwa limefunikwa kwa mlango wa ghala,
komeo lake bado lipo,
na juu yake mawe ambayo yameshaota kuvu.
Nikamwuliza alilifunika lini.
"Usiku uleule," akasema. "Hili nalijua.
Sheria niliitaka kwa yale nisiyoyajua."

Miaka saba, nikawaza.
Upepo ukapita juu ya mlango,
na komeo likagonga mara moja.